Fulana 300 au 60: kisa cha oda ya kwanza

Mwanzoni mwa Novemba mpwa wangu alinijia na karatasi ya bei kutoka kwa mchapaji mmoja wa River Road. Alikuwa ameipigia mstari safu ya mwisho, ile ya fulana 300.

"Anko, angalia. Nikichapa 60 kila moja inanigharimu 470. Nikichapa 300 inashuka hadi 380. Si hiyo 90 nitakuwa naitupa?"

Nilichapa fulana miaka tisa kabla ya kugeukia vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo, kwa hivyo naijua ile safu ya mwisho. Kazi inayomla mchapaji ni kuandaa: kupaka dawa fremu, yaani wavu ambao wino hupitia, kuimulika, kuiosha, kulinganisha rangi moja juu ya nyingine, kuharibu vitambaa viwili vitatu kabla ya fulana ya kwanza kutoka safi. Akishalinganisha, fulana ya 20 na ya 300 zinapita chini ya mkono uleule. Bei inayoshuka ni haki yake kabisa. Ila inashuka kwa sababu ya nafuu yake yeye, na haisemi lolote kuhusu nani atakayezivaa.

Hali ilikuwa hivi. Kijana ana miaka 26, anaishi Umoja, ana michoro mitatu yake mwenyewe. Wa kwanza ni uso wa matatu na maneno "Niko Njiani", mzaha ambao mtu wa Nairobi haelezwi, maana sote tumeyasema tukiwa bado kitandani. Wa pili ni vilele vya Ngong kwa mstari mmoja mweupe. Wa tatu, "Haba na Haba", una kibuyu na rangi tatu. Alitaka kila mchoro uwe kwenye fulana nyeusi na nyeupe, saizi nne kutoka S hadi XL, sawa kwa sawa, ili Desemba isimkute mikono mitupu. Akiba yake ilikuwa shilingi 40,000. Nyingine 80,000 angekopa kwenye chama cha mamake, ambaye ni dada yangu, kwa riba ya asilimia 10 inayolipwa mara moja, mkopo urudishwe mwisho wa Februari.

Hesabu yake ya fulana 300: fulana tupu kutoka Eastleigh kwa 270, jumla 81,000. Kuchapa 18,000. Fremu sita kwa 1,500 kila moja, 9,000. Lebo na mifuko 6,000. Jumla 114,000, na akagawanya kwa 300 akapata 380. Alikuwa amesahau riba. Ongeza 8,000 na inakuwa 122,000, zaidi ya pesa zote alizokuwa nazo na za kukopa. Kila fulana ikapanda hadi karibu 407.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi ile haikulisema. Mchoro wa wino mweupe na njano hauonekani vizuri kwenye fulana nyeupe. Kwenye nyeusi, njano huwekewa msingi mweupe chini yake, la sivyo inazama na kuwa kama haradali iliyochacha. Kwenye nyeupe inabidi wino ubadilishwe, na kwa michoro mingine fremu nyingine itengenezwe. Fremu sita zilikuwa za fulana nyeusi tu. Mchapaji hakudanganya, hakuulizwa.

Kwa hivyo swali lake nililigeuza. Fulana 60 zilizochapwa kwa filamu ya DTF, ambapo mchoro huchapwa kwenye filamu kisha hubanwa kwenye fulana kwa joto bila kuhitaji fremu, zingemgharimu hivi: tupu 60 kwa bei ya dazeni, 300 kila moja, 18,000, filamu mita 10 kwa 780 kila mita, fulana sita kwa mita, 7,800, kubana kwa mashine ya joto shilingi 20 kila fulana, 1,200, lebo na mifuko 1,200. Jumla 28,200, yaani 470 kila moja. Ile 90 aliyoiogopa, ukiihesabu mara 60, ni shilingi 5,400. Riba ya chama peke yake ni 8,000. Angelipa 8,000 ili aokoe 5,400, na nilipomwonyesha alikaa kimya muda mrefu akichezea kifuniko cha kalamu.

Tena gharama ya fulana haigawanywi kwa idadi iliyochapwa, inagawanywa kwa idadi iliyouzwa. Chukua ile 122,000, igawe kwa 470. Utapata karibu 260. Maana yake ni kwamba kabla hajauza fulana 260 kati ya zile 300, kila aliyoiuza imemgharimu zaidi ya ile "ghali" ya 470. Na ili arudishe tu pesa alizotoa na kukopa, kwa bei ya 1,000, lazima auze 122 kabla Februari haijaisha, na katikati hapo kuna Januari, ambayo Wanairobi wameiita Njaanuari kwa sababu ya karo na madeni ya Krismasi.

"Lakini watu wamesema watanunua," akasema. Alikuwa na orodha kwenye simu: watu 86 walioandika "weka yangu" chini ya picha alizotuma kwenye WhatsApp.

Nikamwambia awatumie ujumbe wote kwamba anayetaka kutangulia atume arubuni ya shilingi 300 kwa M-Pesa, ataje mchoro, rangi na saizi. Baada ya siku sita walikuwa wametuma 19. Alikasirika, akaanza kutaja majina ya walioahidi. Mimi nilifurahi, kwa sababu 19 wenye pesa ni habari, na 86 wenye vidole gumba ni adabu tu. Kati ya hao 19, wenye kutaka nyeusi walikuwa 15. "Niko Njiani" ilichukuliwa na 13, Ngong na wanne, "Haba na Haba" na wawili. Saizi: S tatu, M nane, L tano, XL mbili, na mmoja akaomba XXL ambayo haikuwemo kwenye mpango kabisa.

Rudi sasa kwenye mpango wa 300. Michoro mitatu mara rangi mbili mara saizi nne ni mafungu 24, na kila fungu linapata fulana 12 au 13. Idadi inayoonekana kubwa kwenye kartoni ni ndogo sana mtu anapotaka kitu kimoja. Hilo lina mwisho wake hapo chini.

Wachumi wana hesabu waliyoipa jina la muuza magazeti. Alfajiri anaamua achukue nakala ngapi kabla ya kujua nani atapita. Akichukua chache, anapoteza faida ya kila anayeondoka bila gazeti. Akichukua nyingi, jioni zinabaki za kufungia njugu. Kanuni yenyewe ni fupi: chukua hasara ya kupungukiwa na kimoja, igawe kwa jumla ya hasara hiyo na hasara ya kubaki na kimoja. Jibu linakuambia mzigo wako utoshe mara ngapi katika mara mia.

Kwetu, kupungukiwa na fulana moja ni kukosa faida ya 530, yaani 1,000 kutoa 470. Kubaki nayo ni hasara ya 220, kwa sababu nilikadiria fulana iliyokataliwa ingetoka kwa 250. Juu ya hapo mtu anakumbuka bei za mitumba ya Gikomba na kwenda zake. Gawa 530 kwa 750: asilimia 71. Nilimwomba anitajie mwezi mbaya, mwezi wa kawaida na mwezi wa ndoto. Akasema 30, 60, 150. Asilimia 71 nikaiweka mahali fulani kati ya fulana 80 na 90. Hata kwa hesabu hiyo inayompendelea, 300 haikuwa karibu.

Lakini mchapaji wa filamu hutoa kazi kwa siku mbili, na mteja anayependa kitu husubiri. Nilidhani wawili kati ya watatu wangesubiri. Basi hasara ya kupungukiwa si 530 nzima, ni theluthi yake, karibu 177. Gawa kwa 397 (177 na 220): asilimia 45, yaani chini kidogo ya fulana 60. Kadiri unavyoweza kurudi kwa mchapaji haraka, ndivyo oda ya kwanza inavyopaswa kuwa ndogo. Wengine hushangaa kwamba viwanda vya EPZ, eneo la kutengeneza bidhaa za kuuza nje, kule Athi River hushona maelfu ya nguo za mtindo mmoja bila kupepesa jicho. Vinashona kwa sababu mnunuzi wa Marekani amekwisha kuagiza. Idadi ile ni oda iliyo mkononi, na hatari ya kutouza iko kwake.

Tukaamua 60, zote nyeusi. Nyeupe tuliiacha. Saizi tukagawa S 8, M 22, L 18, XL 9, XXL 3. Ukifuata arubuni peke yake S na M zingekuwa nyingi kidogo zaidi, lakini waliotangulia kulipa ni marafiki zake, vijana wembamba, na wanunuzi wa wiki ya pili wangekuwa watu wasiomjua, wengine wenye vitambi kama mimi. Halafu fulana ya majaribio niliyoifua mara tano na kuianika juani ilirudi. Ilipungua urefu kwa sentimita tatu. Anayevaa M kwa kubana angehamia L.

Filamu tukachapisha 36 za "Niko Njiani", 16 za Ngong, 8 za "Haba na Haba". Ila hatukuzibana zote. Arobaini zilibanwa, na 20 zikabaki tupu na filamu zake pembeni, zimefungwa ndani ya mfuko mkavu, kwa sababu gundi ya unga iliyo nyuma ya filamu haipendi unyevu. Fulana ikishabanwa mchoro, imeoa. Ikiwa tupu bado inaweza kuwa yoyote kati ya tatu. Benetton wa Italia walijulikana kwa jambo la namna hii: wakafuma sweta bila rangi, wakasubiri kuona rangi gani inatoka madukani, ndipo wakazitia rangi.

Kijana wa kibanda kimoja cha Moi Avenue alitaka fulana 40 kwa mali kauli. Mpwa wangu alikuja akitabasamu, ameshaziandika kama mauzo. Nilimwambia mali kauli ni mzigo wako ulio kwenye rafu ya mtu mwingine. Alimpa sita. Mpaka katikati ya Desemba, kati ya hizo sita mbili zilikuwa zimeuzwa na nne zilirudi zikiwa na alama ya vidole kwenye ukosi.

Mauzo yalianza wiki ya mwisho ya Novemba. Mpaka katikati ya Desemba zilikuwa zimetoka 44: "Niko Njiani" 33, Ngong 8, "Haba na Haba" 3. Nyumbani zilibaki 16, na kati ya hizo 11 zilikuwa bado tupu. Fulana zilizochapwa na kulala zilikuwa tano tu. Nilijisikia mjanja.

Kisha M ikaisha. Ilikuwa imeisha siku ya kumi, zote 22, na 17 kati yake zilikuwa "Niko Njiani". Hapa ndipo mwisho wa yale mafungu 24. Kwa mpango wake wa kwanza angekuwa na "Niko Njiani" nyeusi ya M 12 au 13. Angepungukiwa nayo mapema zaidi ya tulivyopungukiwa sisi, huku akikalia zaidi ya fulana 250 za aina nyingine na deni la chama. Idadi kubwa haikuwa inamkinga na kuishiwa. Nilimtumia hesabu hiyo usiku na akajibu kwa neno moja: "Wueh."

Lakini nami nilikuwa nimekosea, na kosa langu si dogo. Nilihesabu kasi ya mchapaji, nikasahau Eastleigh. Aliporudi kwenye duka lile alilonunua, M nyeusi ya uzito ule hakuna. Desemba ni msimu wa mikutano ya familia, ruracio (sherehe za mahari), harusi na makampuni yanayowavisha wafanyakazi nembo, na wote wananunua nyeusi ya M na L kutoka kwenye maduka yaleyale. Alizunguka maghorofa mawili akapata dazeni mbili kwenye duka jingine. Lebo iliandikwa M. Kwa futi ya fundi, ile ya kwanza ilikuwa sentimita 52 kutoka kwapa hadi kwapa, hii ilikuwa 49. Tena weusi wake ulikuwa na ukijivu. Hakupima, alikuwa na haraka. Kati ya 11 alizouza, watano walirudisha, na nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi aliilipa yeye.

Wakati huohuo watu 17 walikuwa wameulizia M katika wiki ile isiyokuwa na kitu. Waliosubiri ni sita. Mimi nilikuwa nimekadiria wawili kati ya watatu, na imekuwa karibu mmoja kati ya watatu. Nilipowaza tena niliona upofu wangu: anayenunua zawadi ya Krismasi ana tarehe. Mwezi Mei pengine angesubiri. Rekebisha hesabu: waliopotea ni 11 kati ya 17, kwa hivyo hasara ya kupungukiwa ni kama 343. Gawa kwa 563, unapata asilimia 61. Oda ya kuchapa ilipaswa kuwa 70 hivi, si 60. Hapo sikukosea sana.

Nilipokosea sana ni kwenye tupu. Fulana tupu iliyonunuliwa kwa 300 haipotezi 220 ikibaki. Mchapaji yeyote wa River Road mwenye oda ya haraka ataichukua kwa 270. Hasara ya kubaki nayo ni 30. Gawa 343 kwa 373 (343 na 30): asilimia 92. Kwa hesabu ileile, ya muuzaji yuleyule, idadi ya kuchapa na idadi ya kununua tupu ni namba mbili tofauti kabisa, na mimi nilizifanya moja. Alipaswa kuongeza dazeni tatu, mbili za M na moja ya L, siku ileile, duka lilelile, ikiwezekana kutoka kwenye furushi lilelile. Ingekuwa 10,800 zaidi, jumla 39,000, bado ndani ya akiba yake ya 40,000 na bila kugusa chama. Ningeweza kuliona hili Novemba. Nilikuwa nimezama kwenye kumzuia asichape, nikamzuia na asinunue.

Kuna jambo ambalo hakuna hesabu ingelitabiri. Wiki ya Krismasi dada yangu alivaa "Haba na Haba" kwenye mkutano wa chama chake. Mchoro ambao vijana waliupuuza, kina mama wakaupenda papo hapo. Wakaagiza 24, rangi ya damu ya mzee, XL na XXL nyingi kuliko nyingine zote, jina la chama mgongoni, shilingi 900 kila moja, nusu ya pesa mbele. Kama angekuwa na "Haba na Haba" 100 nyeusi na nyeupe kutoka S hadi XL, zisingemsaidia hata kidogo kwenye oda ile. Kwanza angejaribu kuwashawishi wachukue nyeusi, na namjua dada yangu, wangeghairi.

Januari aliuza nne.

Sasa tuko kwenye oda ya pili na ubishi umeanza upya. Kwa "Niko Njiani" fremu zinaanza kuwa na maana: fremu mbili ni 3,000, na kuchapa kwa wino ni 80 kila moja kwa idadi ya hamsini hivi, dhidi ya 150 ya filamu na kubana. Gawa 3,000 kwa 70, kuanzia fulana 43 fremu ni nafuu, na wino ni laini zaidi kifuani kuliko filamu, ambayo siku ya jua kali humfanya mtu ahisi amevaa mfuko. Mchapaji amekubali kutoufuta mchoro kwenye fremu hizo kwa miezi mitatu, kwa hivyo oda ya tatu haitazilipia tena. Mpwa wangu anataka 150. Mimi nimesema 60 za wino, na tupu dazeni nane.

Tulipima kila dazeni kwa futi kabla ya kulipa, muuzaji akitutazama kama wagonjwa. Kartoni iko chini ya kitanda chake Umoja, M 40, L 28, XL 18, XXL 10. S hakununua hata moja, kwa sababu zile nne za Novemba bado zipo, mbili zikiwa na vilele vya Ngong. Jana ameniuliza tena kuhusu nyeupe. Wameulizia watu wanane, anasema. Nimemuuliza wangapi wametuma 300.